Siri Isiyofaa Kufichwa

Wakatekumeni wanapojifunza Amri ya Tano, hufundishwa ya kuwa uhai ni mali ya Mungu. Mwanadamu amekabidhiwa autunze, kama msimamizi anavyokabidhiwa shamba la bwana wake. Wengi wakiisikia amri hiyo hufikiri habari za vita na za wauaji. Wachache hukumbuka ya kuwa yamhusu pia kijana aliyeketi kimya nyuma ya darasa, ambaye moyoni mwake amechoka kuishi. Tena yamhusu rafiki aketiye karibu naye. Somo hili ni la huyo rafiki.

Jambo lenyewe si dogo. Shirika la Afya Duniani lilikadiria ya kuwa mwaka 2021 watu wapatao 727,000 walijiua duniani pote. Kwa watu wenye umri wa miaka 15 mpaka 29, kujiua kulikuwa sababu ya tatu ya vifo. Karibu robo tatu ya vifo hivyo hutokea katika nchi zenye kipato kidogo au cha kati, wala si kweli kwamba ni ugonjwa wa matajiri wa Ulaya. Ndiyo maana tangu mwaka 2003 tarehe 10 Septemba imewekwa iwe siku ya kuwakumbusha watu wote kuzuia vifo vya namna hiyo.

Hata hivyo hesabu hizo zisiwatie watu hofu. Wengi wanaopatwa na mawazo ya kufa hawafi. Husikilizwa, husaidiwa, hutibiwa, na baada ya muda hufurahi ya kuwa wangali hai. Basi, yafaa kujua msaada huo huanzia wapi.

I. MFANO WA VIJANA WAWILI

Mfano huu umetungwa kwa ajili ya somo, na majina yake si ya watu fulani. Lakini mambo yaliyomo yajulikana na kila mzazi wa kijijini aliyempeleka mtoto wake mjini kusoma.

Yosefu alizaliwa kijijini, upande wa Kasenga. Alipomaliza darasa la sita, baba yake alimpeleka Lubumbashi akae kwa baba mdogo, katika mtaa wa Kigoma, komine ya Kampemba. Kampemba ni mojawapo ya komine saba za mji ule. Ina viwanda na watu wengi, na mgeni anaweza kukaa humo mwaka mzima asijulikane na jirani yake. Kila mwaka baba aliuza mahindi, na mara nyingine mbuzi, apate kulipa karo ya mwanawe.

Mwaka ambao Yosefu alifanya mtihani wa Serikali unaomaliza masomo ya sekondari, mama yake alikuwa amekufa wakati wa mvua. Tangu siku zile hakupata usingizi mzuri. Matokeo yalipotangazwa, mitaa yote ilijaa shangwe. Walioshinda walimwagiwa poda nyeupe kichwani, kama ilivyo desturi katika Kongo, wakapita barabarani wakiimba. Yosefu hakushinda. Alifunga dirisha asisikie nyimbo.

Rafiki yake Martino, aliyesoma naye katekesi, aliona mabadiliko. Yosefu aliacha kwaya. Aliacha mpira. Alikula bukari tonge mbili tu, kisha akasema ameshiba. Siku moja alisema, “Sasa baba atapumzika kunilipia.” Martino alidhani anasema habari za kuacha shule.

Jioni moja waliketi uani karibu na mbabula, wakingoja maji yachemke. Yosefu akaingia ndani, akatoka na viatu vyake vya mpira, akampa Martino.

“Ndugu, mbona wanipa mimi? Wewe utachezea nini?”

“Sitavihitaji tena.”

Martino alitaka kucheka, lakini alipomtazama usoni akaacha. Akamwuliza kwa sauti ndogo, “Ndugu yangu, je, unafikiri kujiua?”

Yosefu alinyamaza sana. Kisha akajibu, “Ndiyo. Lakini apa kwa jina la Mungu hutamwambia mtu. Baba mdogo asijue. Hata Padre asijue.”

Martino akaapa, kwa maana aliogopa kumpoteza rafiki yake. Kisha akaenda zake nyumbani, naye usiku ule hakulala.

II. DALILI ZA KUANGALIA

Martino alifanya vema mambo mawili: aliona, tena aliuliza. Alikosea mambo mawili vilevile: aliapa kuficha, tena alimwacha mwenzake peke yake. Kwanza lifikiriwe lile la kuona.

Mtu aliyechoka kuishi kwa kawaida hutoa dalili, ijapokuwa si kila mara. Dalili hizo ni kama hizi:

1. Maneno. Husema anatamani kufa, au kwamba yeye ni mzigo kwa watu wake, au kwamba hakuna njia mbele yake. Mara nyingine husema kwa mzaha. Mzaha wa namna hiyo usipuuzwe.

2. Kujitenga. Huacha marafiki, kwaya, mchezo na sala aliyoipenda.

3. Mwili. Halali, au hulala mchana kutwa. Hali, au hula bila kiasi. Hajali tena usafi wake.

4. Mwenendo. Huanza kunywa lutuku au kuvuta bangi, hukasirika kwa neno dogo, hujihatarisha ovyo, au hujiumiza mwilini.

5. Kuaga. Hugawa vitu avipendavyo, huomba msamaha kwa watu wengi kwa ghafula, husema kwaheri isiyo ya kawaida.

6. Utulivu wa ghafula. Mtu aliyekuwa na huzuni kubwa huonekana ametulia kabisa siku moja, pasipo sababu ijulikanayo. Jamaa hufurahi wakidhani amepona. Yafaa waulize, wasifurahi upesi.

Dalili moja peke yake si hukumu. Kila kijana huwa na siku za huzuni. Lakini dalili zikikusanyika, au mtu akitaja kifo chake mwenyewe, rafiki asingoje kesho.

Tena haifai kutafuta sababu moja tu. Watu wa mtaa wangesema, “Yosefu alishindwa mtihani, basi.” Lakini kulikuwa na msiba wa mama, na ugeni wa mjini, na usiku mwingi bila usingizi, na haya mbele ya baba aliyeuza mbuzi wake. Msichana mmoja ataelemewa kwa sababu ya mimba aliyoificha. Mwingine kwa sababu ya kutukanwa katika simu. Mtoto mwingine kwa sababu jamaa zake wamemsingizia uchawi. Mara nyingi mizigo hii hukutana na ugonjwa wa huzuni, ambao ni ugonjwa wa kweli kama malaria, nao una matibabu.

III. RAFIKI AFANYE NINI

Kwanza, aulize waziwazi. Watu wengi huogopa kulitaja neno lenyewe, wakidhani wakilitaja watamtia mwenzao wazo asilokuwa nalo. Waganga waliochunguza jambo hili wameona sivyo. Kuuliza kwa upole hakumpandi mtu wazo la kufa; mara nyingi humpunguzia mzigo, kwa kuwa sasa hayuko peke yake na wazo lake.

Pili, asikilize. Asikimbilie kuhubiri. Maneno kama “Acha ujinga,” au “Wengine wana shida kuliko wewe,” au “Unamkosea Mungu,” humfunga mdomo mwenye huzuni. Marafiki wa Ayubu walipomwona katika mateso yake waliketi pamoja naye chini siku saba wala hawakusema neno. Katika siku hizo saba walikuwa marafiki wema. Walipoanza kusema na kumlaumu ndipo walipoharibu kazi yao.

Tatu, asimwache peke yake mpaka mtu mzima afike. Akae naye, alale kwake ikibidi, amsindikize. Vitu vya hatari vilivyomo nyumbani viondolewe na watu wazima, vifungiwe mahali asipoweza kufika. Saa ya hatari kubwa mara nyingi ni fupi. Mtu akivushwa salama katika saa ile, wengi hupona.

Nne, amwambie mtu mzima aaminiwaye. Huyo anaweza kuwa mzazi, shangazi, mwalimu, mkuu wa jumuiya, Padre, sista au muuguzi. Wa kwanza akidharau, aende kwa wa pili. Wa pili akidharau, aende kwa wa tatu.

Haya yote yaonekana katika habari za nabii Eliya, katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 19. Eliya alikuwa mtu wa Mungu, mwenye imani kuu, naye alikuwa ametoka kushinda. Lakini alipotishwa na malkia Yezabeli, alimwacha mtumishi wake, akaingia jangwani peke yake mwendo wa siku moja, akaketi chini ya kijiti, akaomba afe. Mungu alifanya nini? Hakumkemea. Hakumwambia kwamba imani yake ni ndogo. Alimwacha alale. Kisha malaika akamgusa, akampa mkate uliookwa juu ya mawe ya moto, na mtungi wa maji. Akalala tena, malaika akaja mara ya pili, akamlisha tena, akasema naye habari za urefu wa safari iliyobaki. Ndipo Eliya alipopata nguvu za kwenda siku arobaini mpaka mlima Horebu. Baadaye Mungu alimpa Elisha wa kufuatana naye, asitembee tena peke yake.

Basi mkatekumeni asidhani ya kuwa huzuni kubwa ni alama ya mtu asiye na imani. Tena aangalie jinsi malaika alivyofanya: kwanza kumgusa, na mkate, na maji, na kulala, na kurudi mara ya pili. Rafiki anaweza kufanya hayo yote, hata kama hajui kusoma.

IV. JE, KIAPO CHA SIRI KINAMFUNGA RAFIKI?

Hapa ndipo vijana wengi hushindwa. Wamefundishwa ya kuwa kutoa siri ni usaliti, na kuvunja kiapo ni dhambi. Mafundisho hayo ni kweli, lakini yana mpaka wake.

Kulipopambazuka Martino alikwenda kwa mwalimu wake wa katekesi, mama mmoja mtu mzima. Alisimama mlangoni muda mrefu.

“Mama, kuna jambo, lakini nimeapa nisiseme.”

“Mwanangu, uliapa kwa jina la nani?”

“Kwa jina la Mungu, Mama.”

“Je, jambo hilo laweza kumwua mtu?”

Martino akaitikia kwa kichwa. Yule mama akafunga kilemba chake, akasema, “Mungu hawezi kuwa shahidi wa kiapo cha kumwacha ndugu yako afe. Kiapo hicho hakikufungi. Twende, utaniambia njiani.”

Mama yule alisema kweli. Kanisa hufundisha ya kuwa ahadi ya kutenda ubaya, au ya kuuacha ubaya mkubwa utendeke, haina nguvu. Siri isiyofunguliwa kamwe ni ile ya sakramenti ya Kitubio, nayo humfunga Padre aungamishaye. Haifanani na maneno ya marafiki wawili waliokaa karibu na mbabula. Wahenga nao walisema, “Mficha maradhi, kifo humwumbua.” Afichaye maradhi ya rafiki yake humwacha rafiki huyo aumbuliwe na kifo.

Baba mdogo alipoambiwa, alikasirika kwanza. “Je, kwangu hakula? Watu watasema nini?” Mama akamngoja anyamaze, akamwambia, “Baba, watu watasema watakavyo. Mtoto yuko ndani, yuko hai. Ingia ukae naye.” Baba mdogo akaingia, akaketi kitandani karibu na Yosefu. Hakujua la kusema, akamshika mkono. Siku ile hakwenda kazini.

Walimpeleka kwenye kituo cha afya, na muuguzi akawaelekeza kwenye Kituo cha Joseph Guislain, kilichomo Lubumbashi humo humo. Kituo hicho cha magonjwa ya akili huendeshwa na Mabruda wa Upendo, shirika lililoanzishwa na Padre Petro Yosefu Triest mjini Ghent, Ubelgiji, mwaka 1807. Jina lake ni la daktari Joseph Guislain (1797–1860) wa mji huo huo wa Ghent, aliyefundisha ya kuwa mwenye ugonjwa wa akili ni mgonjwa wa kutibiwa kwa heshima, wala si wa kufungwa minyororo. Mafundisho hayo yangali yahitajiwa leo, kwa maana wako jamaa ambao wakiona ugonjwa wa namna hiyo humfunga mgonjwa kamba na kumwombea mpaka aishiwe nguvu. Sala ni njema, kamba hazifai. Mgonjwa aombewe, tena apelekwe kwa mganga.

Yosefu hakushukuru. Alimwambia Martino, “Wewe umeniuza,” na kwa majuma mengi hakusema naye. Martino aliumia sana. Lakini kila Jumapili baada ya Misa alipita kusalimia mlangoni, akajibiwa na baba mdogo, akaenda zake. Rafiki aliyekasirika anaweza kupatanishwa siku moja, aliyekufa hawezi.

Matibabu yalichukua miezi. Siku nyingine Yosefu alikuwa heri, siku nyingine alirudi nyuma. Baba yake alikuja kutoka kijijini, akakaa naye juma zima, akamwambia kwamba mbuzi huzaa wengine. Mwanzo wa mwaka mpya wa shule, jioni moja, Martino alisikia hodi. Yosefu alikuwa amesimama nje.

“Nimekuja kuchukua viatu vyangu,” alisema.

V. NENO KWA WAZAZI NA WAZEE

Wazee wengine huficha jambo hili kwa kuogopa aibu. Hukumbuka ya kuwa zamani mtu aliyejiua hakuzikwa na Padre. Ni kweli: Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917 ilimnyima maziko ya Kanisa mtu aliyejiua kwa kusudi. Lakini Sheria mpya ya mwaka 1983 haina tena katazo hilo. Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992 yafundisha ya kuwa kujiua ni kosa zito juu ya uhai uliotolewa na Mungu. Yafundisha pia ya kuwa ugonjwa wa akili, hofu kubwa au mateso makali yaweza kupunguza hatia ya mtu, na ya kuwa haifai kukata tamaa juu ya wokovu wake. Kanisa humwombea.

Kwa hiyo nyumba iliyopatwa na msiba wa namna hiyo isitengwe. Walio hai waletewe chakula, waketiwe, wasiulizwe maswali ya kuwahukumu. Na rafiki aliyejitahidi asifaulu asibebeshwe lawama. Alifanya kazi ya upendo, lakini ugonjwa mwingine hushinda hata waganga.

Katika kijiji ambacho mganga yu mbali, kazi huanza na walio karibu. Zamu za kulala na mgonjwa zaweza kupangwa na jumuiya. Nauli ya kumfikisha hospitalini yaweza kuchangwa. Mtu mmoja aweza kuandamana naye njiani. Mtoto apelekwaye mjini kusoma apigiwe simu, naye aulizwe, “Unalala vizuri? Nani rafiki yako huko?” kabla ya kuulizwa, “Umepata alama ngapi?” Tena aambiwe mapema, kabla ya mtihani, kwamba akishindwa mlango wa nyumba ya baba yake ungali wazi.

MASWALI YA KUKUMBUKA

S. Je, kumwuliza rafiki kama anafikiri kujiua kutamtia wazo hilo?
J. La. Kumwuliza kwa upole humfungulia njia ya kusema.

S. Dalili zipi zadai msaada upesi?
J. Kutaja kifo chake mwenyewe, kugawa vitu vyake, kuaga watu, kujitenga, kukosa usingizi na chakula, na utulivu wa ghafula baada ya huzuni kubwa.

S. Rafiki ana kazi ngapi?
J. Nne: kuuliza, kusikiliza, kutomwacha peke yake, na kumwambia mtu mzima.

S. Je, kiapo cha kuficha hatari ya kifo kinafunga?
J. Hakifungi. Uhai wa mwenzako ni mkuu kuliko kiapo hicho.

S. Na kijana ambaye mwenyewe amechoka kuishi afanye nini?
J. Amwambie mtu mmoja leo hii. Neno fupi latosha: “Nisaidie, nimechoka.” Asiposikilizwa, amwambie mwingine. Kusema hivyo si aibu. Nabii Eliya naye alisema.